Ukuta Uliogeukia Mlima

Ngome ya kale ikigeuzwa hoteli, swali langu la kwanza ni la maji: yanapandaje, na yakishatumika yanashukaje. Wengi huulizia mabwana waliokaa humo na vita walivyopigana. Mimi huulizia mabomba, kwa sababu mwashi wa zamani aliyepanga mawe hadi ukuta ukawa mnene kuliko urefu wa mkono wa mtu hakuacha nafasi ya bomba, na fundi wa leo akiutoboa ovyo, nyufa zitafuata.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni Schönburg, ngome iliyo juu ya mji mdogo wa Oberwesel, ukingo wa kushoto wa mto Rhine nchini Ujerumani. Imekuwa hoteli tangu mwaka 1957. Iko katika lile bonde lenye urefu wa kilometa 65 ambalo UNESCO ililiweka kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2002, bonde ambalo karibu kila kona ya mto ina ngome yake. Zipo zilizo kubwa zaidi na zilizo maarufu zaidi. Naichagua hii kwa sababu ramani ya wajenzi wake wa kwanza ilikuwa tayari inafaa kwa kazi mpya, miaka mingi kabla ya yeyote kuwaza habari ya wageni na funguo za vyumba.

Tazama jinsi ilivyokaa. Mlima umetoa pua ndefu kuelekea mto, na ngome imejengwa juu ya pua hiyo. Pande tatu ni mteremko mkali. Adui anayepanda huko anahema kabla hajafika. Upande mmoja tu ndio umeungana na mlima, na mlima uko juu zaidi, kwa hiyo mtu akisimama kule anaweza kurusha mawe na mishale hadi ndani ya ua. Wajenzi wakakata handaki kavu kwenye mwamba kuitenga pua na mlima, kisha nyuma ya handaki wakainua ukuta mmoja mrefu sana na mnene sana, kama ngao aliyoishika askari. Wajerumani huuita hivyo hivyo, ukuta wa ngao. Nguvu zao nyingi ziliishia hapo.

Sasa fikiria matokeo yake. Upande wa mto haukuhitaji ukuta wa namna ile, kwa kuwa mteremko wenyewe ulikuwa ulinzi, na nyumba za kuishi ziliweza kukaa huko na kufungua madirisha. Mgeni wa leo anayelipia chumba kinachotazama Rhine analipia uamuzi wa kijeshi wa Zama za Kati. Laiti adui angetarajiwa kutoka mtoni, chumba hicho kingekuwa kiza chenye tundu la mshale.

Jambo la pili ni la urithi, na hili msomaji wetu atalielewa haraka. Katika ngome nyingi mtoto wa kwanza wa kiume ndiye aliyerithi, wengine wakatafuta pa kwenda. Hapa watoto wote wa kiume walirithi kwa pamoja, nao watoto wao vivyo hivyo. Kufikia karne ya 14 inasemekana watu hadi 250 wa familia 24 waliishi ndani ya kuta zile. Matawi makuu ya ukoo yalijijengea minara yao, ndiyo maana ngome moja ina minara mikuu mitatu. Sisi tunazijua nyumba za urithi: kila ndugu na mlango wake, ngazi yake, jiko lake, na ua mmoja wa kugombania. Schönburg ilikuwa nyumba ya urithi iliyovaa deraya. Hoteli inahitaji nini zaidi ya hapo? Inahitaji vyumba vingi vyenye milango ya pekee na ua wa pamoja. Ngome ya bwana mmoja ingekuwa na ukumbi mkubwa na vyumba vichache vya familia. Kuikata ili ilaze wageni kungekuwa kuiharibu.

Fedha za kujenga haya yote zilitoka mtoni. Mabwana wa Schönburg walikuwa na haki ya kutoza ushuru vyombo vilivyopita Rhine, na hawakuwa peke yao: kilometa chache tu kuelekea mji wa Kaub, ngome ya Pfalzgrafenstein ilisimamishwa katikati ya mto katika karne ya 14 kwa kazi hiyo hiyo.

Mwaka 1689 askari wa Louis XIV, mfalme wa Ufaransa, wakaichoma ngome. Linaniuma kidogo kwamba Friedrich von Schönburg, mwana mashuhuri kuliko wote wa jina hilo, alikuwa amepewa cheo cha jemadari mkuu na mfalme huyo huyo mwaka 1675, kabla ya kuachana naye kwa sababu ya dini yake ya Kiprotestanti. Aliuawa vitani Ireland mwaka 1690, mwaka mmoja baada ya ngome kuungua.

Ikakaa gofu miaka mia mbili hivi. Mwishoni mwa karne ya 19 ikanunuliwa na tajiri wa New York aliyeitwa Rhinelander, jina ambalo maana yake ni mtu wa nchi ya Rhine, naye akaijenga upya. Mwaka 1950 mji wa Oberwesel ukainunua tena kutoka kwa familia hiyo, kisha hoteli ikafuata. Kwa jicho la fundi, hatua ya Rhinelander ndiyo iliyobeba mzigo. Paa, sakafu na boriti ndizo gharama zinazoua miradi ya namna hii, na tajiri yule alizilipa bila kutarajia faida ya hata usiku mmoja. Waliokuja baadaye hawakuanzia kwenye gofu. Pale Rheinfels, juu ya mji wa St. Goar, ambako Wafaransa walilipua ngome mwishoni mwa karne ya 18, magofu yameachwa yalivyo na mgeni analala kwenye jengo lililo kando yake. Ni uamuzi wa heshima pia, lakini kulala kando ya ngome si kulala ngomeni.

Turudi kwenye mabomba. Katika majengo ya aina hii fundi mwenye busara hachimbi ukuta wa mawe. Anajenga ukuta mwembamba mbele yake, nyuma ya kabati au kwenye kona ya bafu, na mabomba yanapita katikati. Siku yakiharibika, anafungua ubao na jiwe haliguswi. Lipu nayo ni ya chokaa, si saruji. Chokaa hupitisha unyevu ukatoka. Saruji huufungia ndani, na baridi ya Januari ikija maji yale yanaganda, yanatanuka na kupasua jiwe. Mafundi wa Mji Mkongwe wa Unguja wanaujua ugomvi huo wa chokaa na saruji, ingawa kule mpasuaji ni chumvi, si barafu.

Isidhaniwe kwamba ngome za huko ni za matajiri peke yao. Sehemu ya Schönburg yenyewe inatumiwa na jumuiya ya Kikatoliki ya Kolping kupokea familia, na ngome ya Stahleck iliyo juu ya mji wa Bacharach imekuwa hosteli ya vijana tangu miaka ya 1920.

Dirisha la ukuta mnene lina sehemu ninayoipenda kuliko kitanda: kijumba kilichochongwa ndani ya unene wa ukuta, ambamo watu wawili wanaweza kukaa wakitazamana, magoti yakikaribia kugusana, na mto uko chini yao. Majahazi ya mizigo yanayopanda yanakwenda polepole, yakisukumana na mkondo na kufuata taa za ishara zilizowekwa kwa ajili ya kona za hatari kati ya Oberwesel na St. Goar. Yanayoshuka yanapita upesi. Usiku ndipo unapogundua kwamba reli iko kingo zote mbili, na ile ya ng'ambo hupitisha treni ndefu za mizigo hadi alfajiri. Ule ukuta mkubwa hausaidii kitu hapo. Umegeukia mlima, na kelele inatoka mtoni.