Fukuoka na kilimo cha "kutofanya kitu": tukisome, lakini macho wazi

Wandugu, kuko kitabu kimoja chenye wanafunzi wa agronomi wanapenda kupashana kwa simu: La révolution d'un seul brin de paille, cha Masanobu Fukuoka wa Japani. Kilitoka kwao mwaka 1975. Wengi wanakisoma kama kitabu cha hekima: ishi kwa kidogo, acha mbio ya pesa, rudia shambani. Ni kitabu kizuri. Lakini si cha kuitikia amina kwa kila ukurasa.

Fukuoka alizaliwa 1913. Alisomea magonjwa ya mimea, akafanya kazi ya kukagua mimea kwa duane ya Yokohama. Akiwa na miaka 25 akaacha kazi, akarudia kwa shamba la baba yake. Kanuni zake ni ine: usigeuze udongo, usitie mbolea ya kiwanda, usipalilie kwa jembe wala kwa dawa, usitegemee dawa za sumu. Majani makavu ya mpunga na ya shayiri yote yanarudi juu ya shamba.

Sasa tulete ile mafundisho huku Kivu. Mabua ya mahindi mulimaji anayapatia mbuzi ao anayapikia. Ukimuambia ayaache shambani, umuambie pia mbuzi itakula nini. Tena chukua mnyauko wa migomba, ile ugonjwa wa bakteria yenye ilionekana Masisi mwaka 2001. Inapita kwa wadudu wenye kutembelea ua dume, na kwa panga yenye imekata mugomba mugonjwa. Ili kuizuia, unavunja ua dume kwa kijiti chenye panda, unatoa shina zenye kugonjwa, unapitisha panga kwa moto ao kwa javeli. Hapo, mwenye kukaa bila kufanya kitu atapoteza shamba yote, na ya jirani pia.

Kuko jambo lingine yenye inaniumiza zaidi. Fukuoka alichagua maisha mepesi akiwa na diploma mukononi na udongo wa familia. Mama mwenye anakodi kipande cha shamba na anakula mara moja kwa siku, yeye hakuchagua. Sisi wenye lisansi tukienda kumuhubiria uzuri wa kuishi na kidogo, tunamutukana bila kujua.

Basi tukitupe kitabu? Hapana. Fukuoka mwenyewe anasimulia ginsi aliacha kukata matawi ya miti ya machungwa ya baba yake, matawi yakasongamana, wadudu wakaingia, miti ikakufa. Njo pale alianza kujifunza kweli, na aliendelea miaka mingi akitazama mashamba yaleyale. Wengi wanaruka ile ukurasa. "Kutofanya kitu" kwake ni mwisho wa masomo marefu: kila kazi aliiuliza kama ni ya lazima, na yenye haikuwa ya lazima aliiacha.

Ile swali tunaweza kuibeba mupaka kwa shamba lolote, na kwa maisha yetu pia: je, kweli ninahitaji hii simu mupya, hii diploma ingine, hii mbolea ya deni? Lakini jibu, tulitafute pamoja na mulimaji, kwa udongo wake, musimu kwa musimu. Lisansi inatupatia ruhusa ya kuanza kuuliza. Haijamaliza masomo.