Bunduki Sahihi, Risasi Zisizo na Mchukuzi

Makala haya yanakusudia kuhakiki mchezo wa video uitwao Call of Duty: World at War, uliotungwa na kampuni ya Treyarch ya Marekani na kutolewa mwaka 2008. Huenda msomaji akashangaa kuuona mchezo wa namna hiyo katika kurasa zilizozoea tenzi, riwaya na fonolojia. Jibu letu ni fupi. Mchezo huu una wahusika, mandhari na msuko wa matukio. Wanafunzi wetu wanaujua kuliko wanavyozijua riwaya tunazowasomesha. Na wanapousifu hutumia hoja ambayo ni ya kihakiki hasa, yaani uhalisia. Husema kwamba bunduki zake ni za kweli. Tumeona inafaa kuipima kauli hiyo kwa mizani ileile tunayopimia maandishi.

Tuanze kwa kuupa mchezo haki yake. Sehemu inayohusu Pasifiki inawafuata wanajeshi wa majini wa Marekani katika kisiwa cha Makin mwezi Agosti 1942, Peleliu mwezi Septemba 1944, kisha Okinawa mwaka 1945. Silaha yao kuu ni M1 Garand, bunduki iliyokubaliwa na jeshi la Marekani mwaka 1936. Haikumlazimu askari kuvuta komeo baada ya kila risasi: alifyatua mara 8 mfululizo, kisha kibanio cha chuma kilichoshika risasi hizo kikaruka juu kikiwa tupu, kwa mlio mkali. Mlio huo umo mchezoni, na wachezaji wanaupenda mno.

Mhakiki mwenye pupa angeweza kusema hapa pana kosa. Agosti 1942, kule Guadalcanal, Divisheni ya Kwanza ya wanajeshi wa majini ilipigana kwa Springfield ya mwaka 1903, bunduki ya komeo yenye risasi 5. Garand ilifika kisiwani humo kwa wingi mwezi Oktoba, mikononi mwa kikosi cha jeshi la nchi kavu. Iweje basi ionekane Makin mwezi uleule wa Agosti? Lakini waliovamia Makin walikuwa kikosi maalumu cha Carlson, nacho kilikwisha kupewa Garand. Mchezo haukukosea. Katika jambo hili watungaji wamewashinda waandishi wengi wa riwaya za vita, ambao humpa askari yeyote bunduki yoyote mradi ilie.

Shida yetu inaanzia kwenye risasi. Mchezaji akiishiwa, hupita juu ya bunduki ya aina yake iliyoanguka karibu na maiti, na papo hapo mfuko wake umejaa. Bunduki imechorwa mtutu, kitako na mtambo kwa uangalifu wa mhunzi, lakini risasi zake zinaota ardhini kama uyoga. Katika Kiswahili cha zamani risasi pamoja na baruti yake iliitwa kiasi, na bunduki ilishindiliwa. Maneno yote mawili yanamkumbusha msikilizaji kwamba kuna mtu aliyepima na kuna mkono uliofanya kazi kabla ya mlio. Mchezo umeufuta mkono huo.

Kufuta huku si jambo dogo la kiufundi, kwa sababu kule Peleliu mkono huo ulikuwa na wenyewe. Wanajeshi wa majini wa Marekani hawakupokea Weusi mpaka mwaka 1942, na walipowapokea waliwafundisha mbali na wengine, katika kambi ya Montford Point, kisha wengi wao wakapangiwa kazi ya ghala na upagazi. Kampuni mbili za namna hiyo, moja ya ghala na moja ya risasi, zilishuka Peleliu. Watu wake walipandisha masanduku ya risasi hadi mstari wa mbele na kurudi na majeruhi, katika joto kali na maji yaliyonuka mafuta kwa kuwa yaliletwa katika mapipa yaliyokuwa ya mafuta. Vita ambavyo jenerali alitazamia viishe kwa siku chache vilidumu zaidi ya miezi miwili. Kila kibanio cha Garand kilichoruka kwa mlio wake mtamu kilikuwa kimepita kwanza begani mwa mtu. Katika masaa yote ya mchezo huu mtu huyo hatumwoni, kama ambavyo katika Okinawa hatuwaoni raia, ingawa walikufa huko kwa makumi ya maelfu.

Msomaji wa Kiswahili ana sababu ya pekee ya kuliona pengo hili. Vita dhidi ya Japani vilipiganwa pia na watu wa lugha yetu. Divisheni ya 11 ya Afrika ya Mashariki ilishuka bonde la Kabaw, Burma, katika mvua za mwaka 1944, ikibeba Lee-Enfield za risasi 10 na ikiamrishwa kwa Kiswahili cha kambini; pamoja nayo walikuwamo Wakongo wa hospitali ya Force Publique, ambao kazi yao ilikuwa kuokoa majeruhi. Na katika vita vya kwanza, Wabelgiji hawakufika Tabora mwaka 1916 bila migongo ya wachukuzi zaidi ya laki mbili wa Kongo. Waingereza nao waliliita jeshi lao la wapagazi Carrier Corps. Leo ukitembea Dar es Salaam huoni mtaa unaoitwa kwa jina la bunduki ya askari wa vita hivyo, unaona Kariakoo. Nairobi wanatamka Kariokor. Wenyeji wa miji hiyo walilihifadhi jina la mchukuzi bila kuamriwa na mwanahistoria yeyote.

Hapana shaka tutaambiwa kwamba mchezo ni mchezo, na kwamba kupanga foleni ya wapagazi kungewachosha wachezaji. Hoja hii tungeikubali kama uhalisia usingekuwa ndiyo sifa wanayoitaja wao wenyewe. Tena sisi wa Kamanyola hatukujifunza milio ya bunduki katika kompyuta. Tarehe 15 Septemba 2017, miaka 73 kamili baada ya siku ya kushuka Peleliu, wakimbizi wa Burundi zaidi ya 30 waliuawa kwa risasi hapa hapa mjini. Watu waliulizana majina ya waliokufa. Aina ya bunduki sikumsikia mtu akiiuliza.

Mwaka huu nimewapa wanafunzi zoezi moja: wasimulie kwa Kiswahili sura ya Peleliu kama alivyoiona mbeba sanduku. Wengi walikwama mwanzoni, kwani neno Garand walikuwa nalo, bali la kile kibanio hawakuwa nalo, wala la sanduku lenyewe. Mmoja alimwendea babu yake, akarudi na neno kiasi.