Mafundi Wanaokata Kruza

Gari lile unaloliona Seronera, Serengeti, watalii wamesimama ndani yake na kamera zao, paa limeinuliwa juu ya vichwa vyao, halikutoka kiwandani likiwa hivyo. Japani ilileta Toyota Land Cruiser, Kruza kwa lugha ya gereji, pikapu au hardtop ya kawaida, ambayo ingeweza vilevile kuishia polisi, hospitali ya misheni au shamba la mkonge. Kiti kwa kila abiria na dirisha lake, paa linalonyanyuka, friji ya soda, soketi za kuchajia, tenki la pili la mafuta, tairi mbili za akiba mgongoni: kazi hiyo ilifanyika Arusha, katika karakana zilizotapakaa kuanzia Njiro hadi Unga Limited, na watu ambao brosha za utalii hazina habari nao. Brosha humsifu simba. Ikijitahidi sana humsifu mwongozaji. Fundi bodi hayumo.

Mimi namsifu, na namsifu sasa kwa sababu kazi yake imefika njia panda. Bodi anaiweza, paa analiweza, hata kurefusha gari anakuweza. Kinachobishaniwa siku hizi kwenye mabenchi ya gereji, chai ikiwa mkononi, ni injini ipi ikae mbele ya hiyo bodi miaka kumi ijayo.

Lakini kwanza chasisi, maana hapo ndipo fundi anapojulikana. Kampuni ikitaka gari la viti saba lenye nafasi ya miguu, urefu wa kiwandani hautoshi; lazima gari likatwe na kuongezwa nusu mita hivi, wakati mwingine zaidi. Linapandishwa kwenye stendi, linapigwa levo, kisha fundi anapima mshazari: kona ya mbele kushoto hadi ya nyuma kulia, halafu kona mbili zilizobaki. Vipimo visipolingana, grinda haiwashwi. Fremu haikatwi wima. Inakatwa kwa mshazari au kwa ngazi ili mshono usikae mstari mmoja ukangoja kupasuka. Kipande kipya cha unene uleule kinaingizwa katikati na kuchomelewa kwa zamu, kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa sababu moto ukikaa mahali pamoja chuma hujivuta na fremu nzima ikapinda. Ubavuni linaongezwa bati nene la kutia nguvu. Propela shafti inarefushwa na kubalansiwa upya, mabomba ya breki yanafuata, springi za nyuma zinaongezewa majani. Mwisho mshono unasagwa na kupakwa rangi. Hapa nina neno langu: mshono uliopotea kabisa hunitia wasiwasi. Fundi anayejiamini haoni haya kazi yake ikionekana chini ya gari.

Baada ya chasisi, vumbi. Gari lenye umbo la sanduku likikimbia, shinikizo la hewa nyuma yake hushuka, na vumbi lote lililotimuliwa na matairi hurudi kuning'inia hapo likitafuta pa kuingilia. Vumbi la nyanda za Ngorongoro na Serengeti asili yake ni majivu ya volkano, laini kuliko unga wa sembe, na halihitaji mwaliko. Mlango wa nyuma usipofunga sawasawa, abiria wa kiti cha mwisho hufika lango la Naabi akiwa na rangi moja na barabara. Kwa hiyo fundi anaweka mpira mara mbili, anaziba kila tundu linalopitisha waya, kisha anaimwagia bodi maji kwa bomba huku kijana wake amejifungia ndani na tochi, akitafuta tone. Tone likionekana, kazi inarudi mwanzo. Paa la kunyanyuka ndilo gumu zaidi, kwa sababu linatakiwa lifunguke kwa mkono mmoja na likifungwa lisilie njia nzima juu ya yale mawimbi ya changarawe kutoka Ngorongoro hadi Naabi. Mawimbi hayo yamevunja vitu ambavyo wahandisi wa Ulaya waliapa haviwezi kuvunjika.

Sasa injini.

Kruza za familia ya 70 zilitoka mwaka 1984, na mwaka 1990 ikaja injini iliyozipa jina Afrika nzima: 1HZ, silinda sita kwa mstari, lita 4.2 za dizeli, bila turbo, nguvu ya farasi 130 hivi. Kwa gari linalobeba watu saba, mizigo yao na chuma chote kilichoongezwa Njiro, farasi 130 ni wachache. Hilo halina ubishi. Ila pampu yake ya dizeli hufanya kazi kwa springi na presha, haina kompyuta ya kuomba ruhusa. Ikizima porini karibu na Ndutu, dereva anafungua kichujio, anamwaga maji, anatoa hewa kwenye mfumo, anakaza, anawasha. Badilisha oili kwa wakati na beliti ya taimingi kila kilomita 100,000, na si ajabu kuikuta imepita kilomita 500,000 ikiwa bado nzima na mwenye nayo anakataa kuiuza.

Kwa mchomeleaji ina raha nyingine ambayo watu wa nje hawaijui. Gari la 1HZ unachomoa waya wa betri na unachomelea. Gari jipya lenye kontroli boksi linataka heshima: betri ichomolewe, boksi lenyewe litolewe, waya wa ardhi wa mashine ubanwe karibu kabisa na mahali unapochomelea, la sivyo umeme wa kuchomelea unapita kwenye vifaa vya elektroniki na kuviunguza. Fundi aliyejifunza kazi kwenye 1HZ hakuzoea kuogopa chuma anachokishika. Siku hizi inabidi.

Ubaya wa 1HZ nao tuuseme. Arusha iko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na ukingo wa Kreta ya Ngorongoro uko mita 2,300 hivi. Injini isiyo na turbo hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 inazopanda, hivyo wale farasi 130 wa kwenye karatasi hufika ukingoni wakiwa 100. Kushuka kreta kunaruhusiwa kwa magari ya kuvuta matairi yote manne tu, na mwenye kutaka kujua sababu apande kutoka chini jioni kwa njia ya Lerai, gari limejaa. Ni gia ya kwanza, mguu sakafuni, moshi mweusi nyuma, na mtalii aliyelipa pesa nyingi kuvuta hewa safi ya Afrika anafunga dirisha.

Toyota walijaribu kutibu hilo. Mwaka 2007 waliweka V8 ya dizeli ya lita 4.5 yenye turbo. Ilikuwa na nguvu, ila ili iingie walitanua sehemu ya mbele pamoja na ekseli yake, ya nyuma wakaiacha vilevile. Matokeo yake matairi ya nyuma hayakanyagi njia iliyofunguliwa na ya mbele, na kwenye mchanga au tope jeusi kila tairi linajitafutia njia yake. Mwaka 2023 ikaja injini nyingine: silinda nne, lita 2.8, turbo, msokoto wa Nm 500 ambapo 1HZ hutoa 285. Mzee wa gereji akisikia silinda nne hucheka. Asicheke. Injini hiyo ndiyo iliyomo kwenye Hilux na Prado tangu mwaka 2015, na imo pia kwenye Hiace za karibuni, maana yake vipuri vyake vitajaa madukani kama vilivyojaa vya 1HZ. Lerai inaipanda bila kukohoa, na inakunywa mafuta kidogo kuliko bibi yake.

Tatizo liko kwenye nozeli. Mfumo wa mafuta wa injini hii mpya husukuma dizeli kwa presha inayoweza kuvuka bar 2,000, kupitia vitundu ambavyo jicho halivioni vizuri. Afrika Mashariki ilipunguza salfa kwenye dizeli hadi sehemu 50 kwa milioni kuanzia Januari 2015, na hiyo ilikuwa hatua kubwa. Lakini sheria ya salfa haizuii maji na mchanga ndani ya pipa linalouzwa kandokando ya barabara. 1HZ ikinywa mafuta ya pipa hutoa moshi na kulalamika. Injini mpya ikinywa hayohayo, mwenye gari ananunua nozeli nne, na huenda pampu pia.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawalisemi wakimwonyesha mteja gari linalong'aa. Dizeli zilizotengenezwa kwa viwango vikali vya Ulaya zina kichujio cha masizi kwenye eksozi, nacho hujisafisha kwa kuyachoma masizi hayo, kazi inayohitaji eksozi ipate moto mkali kwa muda mrefu. Moto huo hupatikana kwenye barabara kuu. Serengeti mwendo una kikomo cha kilomita 50 kwa saa, na siku yenyewe ni kutambaa, kusimama, kumsubiri chui ashuke mtini injini ikiunguruma. Ukitaka kukiziba kichujio hicho kwa makusudi, huwezi kubuni kazi bora kuliko hiyo. Anayeagiza gari la namna hiyo kutoka nje kwa ajili ya mbuga, auulize mfuko wake kwanza.

Na fundi mwenyewe, je, kiwanda hakitamnyang'anya kazi? Wenzetu wa Marekani walipita njia inayofanana na yake. Kwa miaka mingi karakana kama Quigley ya Pennsylvania zilichukua magari ya Ford Econoline, mabasi madogo ya kuvuta nyuma, zikayawekea ekseli ya mbele na kuyafanya ya kuvuta matairi yote manne. Kisha viwanda vikaanza kuyatoa tayari: Sprinter ya Mercedes ikaletwa Marekani ikiwa hivyo kwa modeli ya 2015, Transit ya Ford ikafuata kwa modeli ya 2020. Karakana ikanyang'anywa kazi na kiwanda kilekile kilichokuwa kinaiuzia magari. Sisi hilo halitupati haraka. Nairobi bado Hiace zinafunguliwa paa kwa mikono ya mafundi wetu, na kiwanda cha kutoa gari la watalii lenye paa la kunyanyuka, mpira mara mbili na mshono wa Njiro hakijajengwa. Soko ni dogo mno kwa wakubwa. Udogo huo ndio ngao ya fundi.

Ninapopima injini, kipimo changu ni kimoja: ikifa, imefia wapi, na nani ataifungua. Kwa kipimo hicho nimefika mahali ambapo sikutarajia. Mshindani wa kweli wa 1HZ naona ni umeme, si dizeli mpya. Gari la kambini halisafiri. Linalala mahali pamoja, linatoka alfajiri, linarudi saa sita, linatoka tena jioni, kwa mwendo wa kutambaa. Mota ya umeme inapenda kutambaa. Msokoto wake wote upo tangu gurudumu linapoanza kuzunguka, na haijali kama iko mita 1,400 au 2,300. Ikishuka mlima inarudisha umeme kwenye betri badala ya kuchoma breki. Jua la mbugani halilipiwi. Na tembo hasikii kitu mpaka umefika. Nairobi, kampuni ya Opibus, iliyoanza mwaka 2017 na sasa inaitwa Roam, ilikuwa ikitoa dizeli kwenye Kruza na Land Rover na kuweka mota na betri. Kambi ya Emboo huko Maasai Mara hutembeza wageni kwa magari ya aina hiyo yanayochajiwa kwa jua. Upande wetu, Mount Kilimanjaro Safari Club walilileta wazo hilohilo mbuga za kaskazini kwa kushirikiana na Carwatt ya Ufaransa.

Ila umeme una mpaka wake: Arusha hadi Seronera na kurudi ni zaidi ya kilomita 600, na huko Katavi au Ruaha ndani hakuna wa kukuchajia. Njia hizo naiachia 1HZ kwa muda wote itakaopatikana, na atakayenunua ile ya lita 2.8 bila kichujio cha masizi kwa ajili ya njia ya kaskazini, ambako lami na gereji haziko mbali, simlaumu.

Kinachonifurahisha kwenye gari la umeme ni kwamba linamrudisha fundi bodi mezani. Betri ni sanduku zito linalofungwa katikati ya chasisi. Lisiingie vumbi wala maji, lisilegee kwenye mawimbi ya Naabi, uzito wake usilalie upande mmoja wa springi. Nani Afrika Mashariki anajua kuziba sanduku lisiingie vumbi kuliko yule anayemfungia kijana ndani ya gari na tochi? Kruza ya mwaka 1995 yenye injini iliyochoka na bodi nzima, iliyokatwa na kurefushwa vizuri, ina maisha mengine mbele yake, na atakayeyatoa ni yuleyule aliyeikata mara ya kwanza au mwanafunzi wake.

Ila betri za magari haya zinaweza kupita volti 300, na umeme huo hauna huruma kwa mtu aliyezoea betri ya volti 12 anayoishika kwa mikono yenye oili. Kwa hiyo ombi langu ni kwa wenye karakana. Msingoje mzungu aje na gari lake, fundi wake na kufuli kwenye boneti. Chagueni kijana mmoja, yule anayepima mshazari mara mbili bila kuambiwa, mlipieni ada akasome umeme mkubwa wa magari, mumnunulie glovu zake za mpira, na akirudi mumwongezee mshahara kabla kampuni ya jirani haijamwona.