Hongera, Walimu wa Mwaka wa Maandalizi

Vyuo vikuu vingi vya Uingereza huwapa wasiofikia vigezo vya kawaida mwaka mmoja wa maandalizi, na ndipo huanza miaka 3 ya shahada. Katika saikolojia, mwaka huo unastahili sifa nyingi kuliko unazopewa. Darasani huketi vijana ambao mitihani ya sekondari iliwaendea vibaya, na watu wazima walioacha shule zamani wakalea watoto au kufanya kazi.

Wengi huja wakitarajia kusikia habari za ndoto na hasira. Wanakutana na takwimu! Tangu mwanasaikolojia Wilhelm Wundt afungue maabara yake ya saikolojia mjini Leipzig mwaka 1879, saikolojia imedai vipimo, na mwalimu wa maandalizi ndiye anayeiondoa hofu ya hesabu. Huwauliza: wanaolala vya kutosha wakifaulu zaidi, je, ni usingizi uliowafaulisha? Au utulivu wa nyumbani ndio unaoleta yote mawili? Swali hilo hurudiwa kwa mifano mingi, mpaka mwanafunzi aanze kuuliza mwenyewe. Katika mwaka huo pia hujifunza kuandika insha yenye ushahidi na kuomba ridhaa ya mtu kabla ya kumchunguza. Jambo hili la ridhaa mimi ningeliweka mbele ya yote.

Kazi hii haina majoho wala vyeo vikubwa. Walimu wake hongereni sana, na vyuo viwape muda na mishahara inayolingana na mzigo wanaoubeba.