Kiyama, Ufufuo na Ufufuko: Maneno Matatu na Mgogoro wa Maana

Utangulizi

Mjadala kuhusu maana ya ufufuo katika imani ya Kikristo huendeshwa kwa kawaida na wanateolojia, nao wahakiki wa fasihi ya Kiswahili huukwepa kana kwamba hauwahusu. Makala haya yanashikilia kwamba unawahusu, kwa sababu sehemu kubwa ya mgogoro huo imo katika maneno yenyewe. Kiswahili kina istilahi tatu za dhana hii: kiyama, ufufuo na ufufuko. Kamusi huelekea kuzifanya visawe, lakini uchunguzi wa matumizi yake katika maandiko unadhihirisha kwamba kila moja ina mtazamo wake kuhusu nani hufufua, nini hufufuliwa, na iwapo tukio hilo ni la mtu mmoja au la umati. Lengo la makala haya ni kuchunguza mitazamo hiyo na kuonyesha hasara inayotokea neno moja linapoachwa lififie.

Mitazamo mitatu ya wanateolojia

Katika karne ya 20 misimamo mitatu ilijitokeza wazi. Mwaka 1941 Mjerumani Rudolf Bultmann alidai kwamba habari za ufufuo zimevikwa lugha ya visaasili, na kwamba kinachopaswa kushikwa ni imani iliyozuka mioyoni mwa wanafunzi baada ya msalaba, wala si tukio la kihistoria linaloweza kuthibitishwa. Mwaka 1955, katika mhadhara alioutoa Chuo Kikuu cha Harvard, Oscar Cullmann alitofautisha ufufuo wa wafu na imani ya Kiyunani ya kutokufa kwa roho. Kwake, Agano Jipya halisemi kwamba roho huponyoka kifo. Linasema kwamba mtu hufa kwelikweli, kisha huumbwa upya. Naye N. T. Wright, katika kitabu chake kikubwa cha mwaka 2003, alishikilia kwamba katika matumizi ya kale neno hili halikuwa na maana ya kuendelea kuishi baada ya kifo kwa namna fulani tu, bali ya kurejea katika uhai wa mwili.

Hapa Kenya, John Mbiti alilikabili suala hili kwa njia nyingine. Katika utafiti wake uliochapishwa mwaka 1971, alichunguza namna mafundisho ya Agano Jipya kuhusu mambo ya mwisho yalivyopokelewa na Wakamba. Alihoji kwamba wahubiri walifundisha mustakabali wa mbali miongoni mwa watu ambao, kwa maoni yake, hawakuwa na dhana kama hiyo katika mfumo wao wa wakati. Nadharia yake ya wakati imepingwa na wengi, lakini swali lake la msingi halijazeeka: fundisho linapohamia katika lugha mpya, hukutana na maneno yaliyokwisha kuwa na kazi. Swali hilo ndilo linaloongoza uhakiki huu.

Mofolojia na imani

Ufufuo unatokana na kitenzi elekezi fufua, kama ufunuo unavyotokana na funua. Ufufuko unatokana na fufuka, kama mfumuko unavyotokana na fumuka. Tofauti hii si ya sauti tu. Kitenzi fufua kinadai mtenda na mtendwa. Anayefufuliwa ana mfufuaji. Kitenzi fufuka hakimdai mtenda. Tukio linaelezwa kutoka upande wa yule aliyeinuka. Wakatoliki, ambao liturujia yao imeshikilia ufufuko, na Waprotestanti, ambao wengi wao wamezoea ufufuo, hawajafarakana kwa ajili ya irabu na konsonanti. Hata hivyo, kila upande umerithi neno linaloelekeza jicho mahali tofauti.

Suala la mtenda lina uzito wake katika maandiko pia. Hotuba ya Petro katika Matendo 2 inamfanya Mungu kuwa mtenda: yeye ndiye aliyemfufua Yesu. Kwa upande mwingine, Yohana 10 inamwonyesha Yesu akidai uwezo wa kuutoa uhai wake na kuutwaa tena. Fufua inafaa maelezo ya kwanza, fufuka ya pili. Mtafsiri hana budi kuchagua, na uchaguzi wake ni ufafanuzi tayari.

Mfano bora ni sura ya 15 ya Waraka wa Kwanza kwa Wakorintho. Katika aya ya 3 na ya 4 vitenzi vya Kigiriki vinavyosimulia kufa na kuzikwa ni vya wakati uliopita wa kawaida, lakini kile cha kufufuliwa ni cha hali timilifu na kauli ya kutendwa: jambo limetendwa na athari yake ingalipo. Kiswahili kina kiambishi -me- kinachoifaa hali hiyo barabara. Tafsiri ya Muungano ya mwaka 1952 hapa inatumia alifufuka: kauli ya kutendwa imepotea, na utimilifu umepotea. Katika aya ya 20 tafsiri hiyohiyo inatumia amefufuka, na utimilifu unarejea. Katika aya ya 15 Mungu anatajwa waziwazi kuwa ndiye mfufuaji. Msomaji anayeifuata sura nzima anapata maana kamili. Anayeikariri aya ya 4 pekee anabaki na tukio la jana lisilo na mtenda.

Mwili wa roho

Sura hiyohiyo inaleta utata mwingine, ule wa mwili wa roho katika aya ya 44. Waliomsoma Paulo kama mtetezi wa ufufuo usio wa kimwili waliutegemea sana usemi huu. Wright anajibu kwamba kivumishi cha Kigiriki kinataja kinachouhuisha mwili, si malighafi yake. Kiswahili kinauweka mzozo huu wazi kwa kihusishi -a, ambacho hubeba maana zote mbili. Jiko la udongo limefinyangwa kwa udongo. Jiko la mkaa halikuundwa kwa mkaa bali huwaka kwa mkaa. Je, mwili wa roho ni kama jiko la udongo au kama jiko la mkaa? Sarufi haiamui. Muktadha ndio unaoamua, na muktadha wa Paulo, pamoja na mfano wake wa mbegu inayozikwa na kuota, unaelekea jiko la mkaa: kinachopandwa na kinachoota vina mwendelezo, ingawa sura yake imebadilika.

Hoja ya kiyama

Neno la tatu ndilo lenye historia ndefu zaidi na ndilo lililo hatarini. Kiyama linatokana na mzizi wa Kiarabu wenye maana ya kusimama, mzizi uleule uliotupatia kaimu na makamu. Waislamu wa pwani walilitumia kwa Siku ya Hukumu, na fasihi ya tenzi, ukiwemo Utenzi wa Kiyama, ikalijaza taswira za hofu, mizani na umati uliosimama. Nayo Al-Inkishafi, ikiuonya moyo kwa magofu ya Pate na kuishia katika jehanamu, inaishi chini ya kivuli cha siku hiyo.

Tafsiri ya Muungano ililipokea neno hili bila woga. Masadukayo wa Mathayo 22 wanakana kiyama, na Paulo katika Wakorintho anatetea kiyama ya wafu. Kwingineko, kama katika mazungumzo ya Martha na Yesu kwenye Yohana 11, limetumika ufufuo. Tafsiri ya Habari Njema iliyotolewa katikati ya miaka ya 1990 inawaeleza Masadukayo hao kwa kitenzi cha kufufuka, na kiyama limeondoka. Sababu za kuliondoa zinaeleweka. Katika mazungumzo ya kila siku kiyama ni maafa: mafuriko ni kiyama, ajali ya basi ni kiyama. Aidha, wapo wanaoliona kuwa neno la Kiislamu linaloweza kumpotosha Mkristo.

Hoja hizi hazitoshi. Kwanza, Wakristo Waarabu hutumia neno hilohilo. Kanisa la Yerusalemu linaloheshimiwa kuwa mahali pa kaburi la Yesu huitwa kwao Kanisa la Kiyama. Pili, nomino ya Kigiriki anastasis nayo ina maana ya kusimama. Katika Wakorintho 15 Paulo anatumia nomino ya kusimama pamoja na kitenzi cha mzizi mwingine, cha kuamsha au kuinua. Watafsiri wa Muungano, kwa kutumia kiyama kama nomino na fufuka au fufua kama kitenzi, walikaribia mno muundo huo. Kinachoonekana kuwa mchanganyiko wa Kiarabu na Kibantu ni uaminifu kwa matini.

Tatu, na hili ndilo kuu, kiyama ni neno la jumuiya. Mtu mmoja hufufuka; mtu mmoja hana kiyama chake. Hoja ya Paulo inategemea uhusiano huu: Kristo ni limbuko, na limbuko halina maana pasipo mavuno. Neno likiondolewa, ufufuo huelekea kuwa habari njema ya nafsi moja, na hukumu, ambayo ni sehemu ya tumaini la walioonewa, husahaulika.

Fasihi ya kubuni inalithibitisha hili kwa kinyume. Katika Shetani Msalabani, tafsiri ya Kiswahili ya mwaka 1982 ya riwaya ya Ngũgĩ wa Thiong'o, Shetani anasulubiwa na walalahoi, na baada ya siku tatu wenye suti na tai wanamteremsha na kumpigia magoti. Huu ni ufufuo usio na kiyama. Kuna mfufuaji, kuna mfufuliwa, lakini hakuna umati unaosimama wala haki inayotolewa. Anayesoma kisa hiki kama kejeli kwa imani amekisoma nusu. Riwaya inauliza swali la fufua: nani amemfufua nani, na kwa faida ya nani?

Hitimisho

Maneno matatu yaliyochunguzwa hayafutani. Ufufuo unamtaja mtenda, ufufuko unalitaja tukio, kiyama kinautaja umma na haki. Misimamo ya Bultmann, Cullmann na Wright haiwezi kujadiliwa kwa Kiswahili kwa usahihi iwapo maneno haya yatachukuliwa kuwa moja. Mtafsiri anayeliepuka kiyama kwa sababu linatisha anapaswa kujiuliza iwapo matini anayoitafsiri haikukusudia kutisha. Naye mhakiki wa tenzi na riwaya, anapokutana na mfu aliyeinuka, aanze na kitenzi: amefufuka, amefufuliwa, au amesimamishwa pamoja na wengine ahukumiwe?