Ufundi wa Kutazama Tena

Sifa za tamthilia kwa desturi hugawiwa watu watatu: mtunzi aliyeiandika, mwelekezi aliyeipanga jukwaani na mwigizaji aliyeivalia maleba, yaani mavazi na vifaa vinavyomtambulisha mhusika. Mtazamaji huachwa nje ya mgao huo, kana kwamba kazi yake inakoma kwenye kulipa kiingilio na kukaa kitako. Ilhali kutazama ni ufundi kama ufundi mwingine, wenye stadi zake, mazoea yake na makosa yake, na hakuna mahali unapojitokeza waziwazi kuliko pale mchezo mfupi unaojulikana na watu unaporudishwa jukwaani. Mchezo mpya humshika mtazamaji kwa taharuki, ile hamu ya kutaka kujua litakalofuata. Mchezo uliorudiwa umepokonywa silaha hiyo, na mtazamaji hubaki na macho, masikio na kumbukumbu yake, avitumie ajuavyo.

Nchiru, katika Tigania Magharibi, kando ya barabara itokayo mjini Meru kwenda Maua, panafaa kwa kulichunguza jambo hili ingawa si mji wa thieta. Hapo ndipo yalipo makao ya Njuri Ncheke, baraza kuu la wazee wa Ameru, na hapo pia ndipo kilipo Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia cha Meru, kilichopata hati ya kujitegemea mwaka 2013. Lakini kama ilivyo katika sehemu nyingi za Meru na Embu, wengi huionja tamthilia kwa mara ya kwanza katika bwalo la shule, meza zikiwa zimesukumwa ukutani, harufu ya githeri ya mchana ikiwa ingali hewani, na jukwaa likiwa ni sehemu ya sakafu ambayo mwalimu wa zamu amewaamuru wanafunzi wasiikanyage. Mapazia hayapo. Mwigizaji anayetakiwa kutoweka hugeuka tu akasimama nyuma ya shuka iliyotundikwa kwenye kamba, na watazamaji, kwa adabu ambayo hakuna aliyewafundisha kwa maneno, hukubali kwamba hawamwoni.

Michezo inayofika katika mabwalo hayo ni ya aina mbili. Ya kwanza ni ile ya Tamasha la Kitaifa la Drama, mashindano ya shule na vyuo yaliyoanza mwaka 1959, ambayo huubana mchezo ndani ya dakika zilizowekwa, hivi kwamba waandishi wengi wa Kenya wamekuwa mahodari wa mchezo wa tendo moja, yaani ule unaokwenda moja kwa moja bila mapumziko. Ya pili, ambayo ndiyo hasa ya marudio, ni tamthilia za vitabu teule, vitabu vinavyotahiniwa katika mtihani wa KCSE mwishoni mwa kidato cha nne. Kifo Kisimani cha Kithaka wa Mberia, Mstahiki Meya cha Timothy Arege, Kigogo cha Pauline Kea na Bembea ya Maisha, cha Arege vilevile, vimepokezana nafasi hiyo katika karne hii. Kila kimoja hudumu miaka kadhaa, na katika muda huo vikundi vya waigizaji hukizungusha shule hadi shule, vikikipunguza hadi kibaki mchezo mfupi unaoweza kumalizika kabla ya kengele ya chakula cha jioni.

Kati ya hivyo, kilicho karibu zaidi na Nchiru kwa nasaba ni Kifo Kisimani, kwa kuwa mtunzi wake ni mzaliwa wa Tharaka, ile nchi kavu inayoteremka kutoka nyanda za Meru kuelekea Mto Tana. Kichwa chake chenyewe kimekwisha kuitoboa siri. Mwanafunzi aliyekipigia mistari kwa kalamu nyekundu anajua pia kwamba atakayekufa ni Mwelusi, mtetezi wa haki chini ya utawala wa Mtemi Bokono, na kwamba atakayemuua ni nduguye wa damu, Gege, aliyelaghaiwa kwa ahadi za watawala. Basi mtu huyu anatazama nini? Mtazamaji mgeni humfuata Mwelusi, kwa sababu ndiye aliye hatarini. Mtazamaji anayeijua hadithi humwacha Mwelusi azungumze, akamgeukia Gege, ambaye pengine amesimama pembeni bila hata neno la kusema, na kumchunguza mikono: ameiweka wapi, imetulia au inachezacheza na upindo wa vazi, inashtuka nduguye anapolitaja jina lake au haishtuki. Mwigizaji hafifu humfanya Gege kuwa mwuaji tangu anapoingia, kwa kuwa naye amekisoma kitabu hadi ukurasa wa mwisho, na bwalo humgundua upesi, minong'ono ikaanza katika safu za nyuma. Mwigizaji hodari humwonyesha kijana wa kawaida mwenye tamaa ya kawaida, na hapo kimya cha watu wanaojua litakalotokea huwa kizito kuliko kimya chochote cha wasiojua.

Wahakiki hukiita kinaya cha kidrama kile kipengele ambacho hadhira inalijua jambo ambalo mhusika halijui. Katika tamthilia mpya, kinaya hicho hupandwa na mtunzi mahali mahususi; katika tamthilia iliyorudiwa, kila sentensi hugeuka kuwa kinaya, hata salamu, hata mwaliko wa kula. Ndiyo maana marudio mazuri huwa mafupi. Hakuna hadhira inayoweza kuubeba ujuzi wa namna hiyo kwa saa tatu bila kuchoka, na vikundi vinavyosafiri, ambavyo hukata maonyesho kwa sababu ya muda na nauli, mara nyingine huutendea mchezo wema ambao havikuukusudia.

Lipo pia jambo la masikio. Katika bwalo lenye wanafunzi mia kadhaa, mstari maarufu hutangulia kusikika kutoka kwa watazamaji kabla haujamtoka mwigizaji, kwa mnong'ono unaokimbia kutoka safu hadi safu, na mstari ulioachwa nje hutambuliwa papo hapo kwa nyuso zinazogeukiana. Walimu wengi huona mnong'ono huo kuwa utovu wa nidhamu na huukemea. Wamekosea, kwa kuwa mnong'ono ndio mizani ya mwigizaji: akisema neno lilelile kwa kasi ileile iliyotarajiwa, anarudia tu yale ambayo bwalo limekwisha kuyasema, akichelewa kidogo, akavuta pumzi, akalihamisha neno kutoka kwenye hasira kwenda kwenye huzuni, bwalo lote hunyamaza likisikiliza kitu kipya ndani ya kitu cha zamani. Mtazamaji wa aina hii anafanana na mnunuzi wa miraa sokoni Maua, ambaye huligeuza bunda mara moja tu mkononi na kujua kama lilichumwa asubuhi hiyo.

Nadharia ya fasihi simulizi hutofautisha hadhira tuli, inayopokea kazi bila kuchangia, na hadhira tendi, inayoshiriki kwa kuitikia, kuuliza, kuimba au kupiga makofi. Hadhira ya Kiafrika imesifiwa sana kwa kuwa tendi, hata sifa hiyo imekuwa wimbo wa kila mtihani, lakini kelele peke yake si utendaji. Mtambaji wa ngano anapopaza sauti ya paukwa na kuitikiwa pakawa, anaitikiwa na watu waliokwisha kuisikia ngano hiyo, na wajibu wao ni kuhakikisha haiharibiwi. Huenda hata jirani wa Nchiru, Njuri Ncheke, ana la kufundisha hapa, ingawa ulinganisho huu ushikwe kwa tahadhari, kwa sababu baraza si thieta na mengi ya ndani yake ni ya wanachama pekee. Linalojulikana na wote ni kwamba wazee hao husikiliza mashauri, yakiwemo ya mashamba, na kwamba kesi ya mpaka wa shamba haiishi kwa kusikilizwa siku moja. Anayesikiliza madai yaleyale kwa mara ya tatu hatafuti tena habari. Anatafuta pale ambapo sauti imebadilika.

Mchezo uliorudiwa baada ya miaka mingi huleta ugumu wa namna nyingine, kwa kuwa safari hii kilichobadilika ni hadhira yenyewe. Wakati Ukuta, mchezo mfupi wa Ebrahim Hussein wa miaka ya 1960, umejengwa juu ya ugomvi wa nyumbani kati ya wazazi na binti yao Tatu, anayetaka kwenda sinema na kijana aitwaye Swai. Kwa kijana wa miaka hiyo, hofu ya mama ilikuwa ukale wa kuchekwa, na sinema ilikuwa mlango wa dunia mpya. Mchezo huo ukiwekwa leo mbele ya watu wa Nchiru, ambako dunia nzima inaingia chumbani kupitia simu bila kubisha hodi, sinema yenyewe ndiyo itakayochekwa, na mzazi wa miaka arubaini atajikuta anamsikiliza yule mama kwa makini ambayo hakuwa nayo alipokuwa na umri wa Tatu. Maneno ni yaleyale, kicheko kimehama. Mwelekezi anayejaribu kukilazimisha kirudi mahali pake pa zamani, kwa kuongeza vituko au kukikuza kupita kiasi kile ambacho hakichekeshi tena, hujipatia makofi ya huruma.

Historia ya tamthilia ya Kenya ina ushahidi mzito wa uwezo wa hadhira. Mwaka 1976, Mzalendo Kimathi, kama ijulikanavyo kwa Kiswahili tamthilia ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Micere Mugo, mwanamke wa Kirinyaga, jirani ya Embu, ilipoonyeshwa katika Ukumbi wa Kitaifa jijini Nairobi, watazamaji waliungana na waigizaji katika ngoma ya mwisho na kutoka nao wakicheza hadi nje. Mwaka uliofuata, huko Kamĩrĩĩthũ karibu na Limuru, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda ya Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ yalifanywa hadharani, na wafanyakazi na wakulima waliokuja kuyatazama waliwakosoa waigizaji kuhusu mambo waliyoyajua kwa mikono yao, ikawa siku ya ufunguzi sehemu kubwa ya hadhira ilikuwa tayari ni hadhira ya marudio. Kibali kilifutwa mwezi wa Novemba 1977. Tamthilia hiyo ilirudi mwezi wa Mei 2022, katika Ukumbi wa Kitaifa uleule, kwa Kiingereza na kwa Gĩkũyũ, ambayo ni lugha ndugu na Kimeru. Watazamaji waliipokea wakiwa wameketi katika viti vilivyofungwa sakafuni, kwa tiketi, jijini. Si haki kuwalaumu kwa kutokuwa watu wa Kamĩrĩĩthũ, lakini ni haki kusema kwamba waliununua mchezo ambao wenzao wa 1977 waliujenga.

Ushahidi wa kinyume ni wa karibuni zaidi. Shule ya wasichana ya Butere imejikuta mara mbili katika mzozo kuhusu mchezo mfupi wa tamasha uliotungwa na Cleophas Malala. Mwaka 2013, Shackles of Doom ulizuiwa kufika fainali, na Mahakama Kuu ikaamuru uonyeshwe, ukaonyeshwa Mombasa. Mwaka 2025, Echoes of War nao ulirejeshwa kwa amri ya mahakama, lakini asubuhi ya onyesho huko Nakuru polisi waliwatawanya waliokuja kutazama kwa vitoa machozi. Wasichana waliingia ukumbini wakakuta hakuna hadhira, wakaimba wimbo wa taifa na kuondoka bila kuigiza. Mahakama iliweza kuwarudishia jukwaa. Mtazamaji haikuweza kuwarudishia, na wasichana wale walitambua kwamba bila yeye hakuna kazi ya kufanywa.

Pamoja na sifa hizi, ufundi wa kutazama unaharibiwa kila muhula, na mharibifu mkuu ni mtihani. Mwanafunzi anayeambiwa akae na daftari mapajani ili anakili maudhui, sifa za wahusika na mbinu za lugha huacha kutazama ili apate kuandika, na huinua kichwa pale tu anaposikia jambo linaloweza kuulizwa. Hayo ni matumizi mabaya ya mchana mzima. Afadhali onyesho lije baada ya kitabu kusomwa hadi mwisho na kabla ya mwalimu kukipasua vipandevipande, daftari zikabaki madarasani, na mjadala ufanyike jioni hiyohiyo, ukianza na swali dogo la wapi bwalo lilicheka na kwa nini. Simu zinazoinuliwa kurekodi katika maonyesho ya vyuoni ni tatizo jingine, dogo kuliko linavyolalamikiwa. Anayerekodi angalau amechagua cha kuelekezea kamera.

Kasoro kubwa iko langoni. Maonyesho haya hufanywa kwa hadhira ya rika moja, wote wakiwa na kitabu kilekile na mtihani uleule, huku mama anayeuza ndizi nje ya ua wa shule, mwendesha bodaboda anayesubiri abiria na mzee anayerudi kutoka barazani wakiishia kusikia makofi yakivuma juu ya ukuta. Hao ndio wanaojua bei ya ahadi za watawala na uzito wa ugomvi wa ndugu, na hakuna kikundi kinachowafungulia mlango hata kwa onyesho la pili, lile la alasiri, ambalo maleba yamekwisha kuvaliwa na nauli imekwisha kulipwa. Gege wa bwaloni amepimwa na maelfu ya wanafunzi. Mzazi aliyewahi kukaa kati ya wanawe wawili waliogombana hajaulizwa kama anamwamini.