Nyumba ya Kale Inayouzwa: Tahakiki ya Lugha ya Thamani kutoka Pate hadi Bogoro

1.0 Utangulizi

Nyumba kama ishara ni mada iliyozoeleka katika uhakiki wa fasihi ya Kiswahili. Nyumba kama bidhaa haijazoeleka. Hata hivyo, tangazo la kuuza nyumba ya kale ni matini kamili: lina msimuliaji, lina msamiati wake, lina yanayosemwa na yanayonyamaziwa. Makala hii inakusudia kulihakiki tangazo la aina hiyo, yaani lile linalosifu nyumba kongwe iliyotiwa starehe za kisasa bila kupoteza sura yake ya zamani. Tutalilinganisha na matini nyingine mbili zinazozungumzia nyumba na thamani yake. Ya kwanza ni utenzi wa Al-Inkishafi wa Sayyid Abdallah bin Ali bin Nasir wa Pate. Ya pili ni amri ya fidia iliyotolewa tarehe 24 Machi 2017 na Mahakama ya Kimataifa ya Jinai kuhusu Bogoro, kijiji kilicho kusini ya mji wa Bunia katika Ituri.

Msomaji ana haki ya kuuliza Pate na Bogoro zinahusianaje. Hazihusiani kwa usanifu wa majengo, wala kwa historia. Zinahusiana kwa swali moja: nyumba inapopewa thamani kwa maneno, ni nani anayebaki ndani ya maneno hayo na ni nani anayetolewa nje? Hoja yetu ni kwamba matini inayomwondoa mkazi haiwezi kueleza thamani ya nyumba kwa ukamilifu, hata ikipamba namna gani.

2.0 Sarufi ya Tangazo

Tuanze na nyumba zenyewe. Katika mji wa Lamu, nyumba za mawe za karne ya 18 zilijengwa kwa matumbawe na chokaa, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Mgeni alipokelewa kwenye daka, akapita hadi kiwandani, na akiruhusiwa akaingia kwenye misana. Vyumba vilifuatana kwa daraja ya faragha, na kadiri mtu alivyoingia ndivyo alivyokaribia mambo ya siri ya ukoo, yakiwemo uzazi na mauti. Ukuta wa ndani ulipambwa kwa zidaka, safu za vishubaka vya chokaa ambamo vyombo vya kaure viliwekwa. Kwa hiyo mpangilio wa nyumba ulikuwa pia mpangilio wa watu: nani ni mgeni, nani ni jamaa, nani ni mwana wa nyumba.

Tangu miaka ya 1970 nyumba nyingi za aina hii, Lamu mjini na baadaye hasa Shela, zimenunuliwa na wageni na kukarabatiwa. Baada ya UNESCO kuutia Mji Mkongwe wa Zanzibar katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001, neno "urithi" lenyewe limeingia katika lugha ya wauzaji.

Lugha hiyo ina tabia tatu. Tabia ya kwanza ni kauli ya kutendwa isiyo na mtenda. Nyumba imejengwa, imehifadhiwa, imekarabatiwa, aliyeijenga hatajwi. Wahenga nao walitumia kauli hiyohiyo waliposema: usione vyaelea, vimeundwa. Lakini tofauti ni kubwa. Methali inatumia "vimeundwa" ili kutukumbusha kwamba yupo muundaji. Tangazo linatumia "imejengwa" ili tusimuulize. Na katika nyumba kubwa za pwani swali hilo lina uzito, kwa kuwa utajiri uliozijenga ulitegemea kwa sehemu kubwa kazi ya watumwa.

Tabia ya pili ni matumizi ya neno "kale". Katika Kiswahili cha kawaida kale ni wakati wenye watu: tunasema hapo kale paliondokea mtu, na tunawataja watu wa kale. Katika tangazo, kale limekuwa sura tu, kama rangi inayopakwa ukutani. Nyumba huwa na "haiba ya kale" bila kuwa na kale yoyote iliyotokea ndani yake. Haijawahi kufiwa, haijawahi kugombewa na warithi.

Tabia ya tatu ni kubadilisha majina. Chumba cha ndani huwa chumba kikuu cha kulala. Zidaka huwa rafu. Daka huwa sebule ya nje. Kila neno jipya ni sahihi kwa matumizi ya leo, lakini yakijumlishwa yanafuta ile daraja ya faragha iliyoifanya nyumba kuwa nyumba. Methali nyingine inatufaa hapa: nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Mnunuzi anafunguliwa mlango uliochongwa, lakini ndani ya zamani hamna tena jina.

Haki itendeke. Ukarabati umeokoa majengo mengi. Boriti huoza, chokaa hudai kurudiwa, na nyumba iliyorithiwa na ndugu wengi, kila mmoja na fungu lake, mara nyingi hukosa wa kuitengeneza. Kuuza huwa njia ya kugawana kilichobaki kabla hakijaanguka. Huko Zanzibar pia, majengo mengi yaliyotaifishwa baada ya Mapinduzi ya 1964 yalichakaa vibaya, ndiyo maana mwaka 1985 ikaundwa mamlaka maalumu ya kuuhifadhi na kuuendeleza Mji Mkongwe. Tunachokihakiki si uamuzi wa kuuza. Tunahakiki lugha inayotumiwa kuuza.

3.0 Nyumba Tupu za Pate

Mtunzi wa Al-Inkishafi, aliyetunga kwa kadiri ya wataalamu wengi mwanzoni mwa karne ya 19, naye anatutembeza katika nyumba ya kale. Anatuonyesha majumba yaliyong'aa kwa taa, kisha anatuonyesha yalivyokuwa baada ya dola ya Pate kudhoofika: popo kwenye dari, buibui, sauti ya bundi, na makinda ya ndege katika madaka yaliyokuwa ya vyombo.

Ni muhimu kuona kwamba mtunzi na mwuzaji wanatazama kitu kilekile. Wote wawili wanasimama mbele ya kidaka kitupu. Kwa mwuzaji, utupu ni nafasi: mnunuzi ataweka chochote atakacho. Kwa mtunzi, utupu ni ushahidi: palikuwa na chombo, chombo kilikuwa na mwenyewe, na mwenyewe hayupo. Makinda hayakuwekwa pale kwa ajili ya pambo tu. Ni wakazi wapya wasiojua kwamba wamerithi. Kwa picha hiyo moja mtunzi anaeleza jengo, anaeleza watu, na anauonya moyo wake mwenyewe, maana utenzi mzima ni mazungumzo ya mtu na moyo wake.

Hata hivyo, utenzi huu nao una mipaka yake. Jicho la mtunzi limeelekea kwa wakwasi. Anaomboleza waliolala kwenye vitanda vya fahari zaidi ya kuwakumbuka waliochoma chokaa na kubeba matumbawe. Kwa upande huo utenzi na tangazo vinakaribiana kuliko tunavyopenda kukiri: vyote viwili vinaichukulia nyumba yenye kustahili maneno kuwa ni ile iliyokuwa na fahari. Basi je, nyumba isiyo na zidaka wala taa za kioo inaandikwa vipi? Swali hili ndilo linalotupeleka Bogoro.

4.0 Bogoro: Nyumba Isiyo na Haiba

Si kwamba Ituri haikuwa na majumba ya shamba ya zamani. Walowezi wa Kibelgiji walikuwa na mashamba ya kahawa na malisho ya ng'ombe katika nyanda za juu za Djugu. Baada ya sera ya Mobutu ya mwaka 1973 ya kuwapa wananchi mali za wageni, mengi yalipita mikononi mwa Wakongo wachache wenye uwezo. Sheria ya ardhi ya 20 Julai 1973 iliifanya ardhi yote kuwa mali ya dola, na hati ya shamba iliyokaa miaka miwili bila kupingwa ikawa ngumu kupingika. Mwaka 1999, mzozo baina ya Wahema na Walendu kuhusu mipaka ya mashamba hayo huko Djugu ulifungua vita vilivyoenea Ituri nzima. Kwa mhakiki, hili ni funzo: hati nayo ni matini, na kinachonyamaziwa ndani yake chaweza kudaiwa baadaye kwa damu.

Bogoro iko kwenye barabara itokayo Bunia kuelekea Kasenyi na Ziwa Albert. Nyumba zake nyingi zilikuwa za miti na udongo, zimeezekwa kwa nyasi. Chache zilikuwa na paa la mabati, au manjanja kama yanavyoitwa mashariki ya Kongo. Tarehe 24 Februari 2003 kijiji kilishambuliwa na wapiganaji wa Kilendu na Kingiti. Ilikuwapo kambi ya askari wa UPC iliyozunguka shule ya Institut de Bogoro, lakini waliouawa wengi walikuwa raia. Nyumba zilichomwa, na mabati yakang'olewa na kuchukuliwa. Tarehe 7 Machi 2014 Germain Katanga alitiwa hatiani kwa kusaidia uhalifu huo, ukiwemo uuaji, uporaji na uharibifu wa mali, na baadaye akahukumiwa kifungo cha miaka 12.

Amri ya fidia iliyofuata ni matini kavu. Haina tashbihi wala istiari. Majaji walilazimika kukadiria kwa dola bei ya nyumba, vyombo, mifugo na mazao ya watu ambao wengi wao hawakuwa na karatasi ya kuthibitisha. Waathirika 297 walikubaliwa. Hasara yote ilikadiriwa kuwa dola 3,752,620, na sehemu ya Katanga ikawekwa dola 1,000,000. Kila mmoja alipangiwa dola 250 za ishara, pamoja na fidia ya jumla katika mambo manne: makazi, shughuli za kuleta kipato, elimu na matunzo ya kisaikolojia.

Dola 250 hazilingani na nyumba, na majaji wenyewe waliziita za ishara. Lakini tuangalie muundo wa matini. Ndani yake kila nyumba ina mwenyewe. Hakuna nyumba inayotajwa kwa ajili ya sura yake. Kinachoandikwa ni kwamba fulani aliishi hapa, alikuwa na hiki, akakipoteza. Ni kinyume kabisa cha tangazo: lile lina uzuri usio na watu, hii ina watu wasio na uzuri.

Kuna jambo moja zaidi ambalo tunaliona kuwa kiini. Amri hiyo inaeleza kwamba waathirika hawakupendelea minara ya kumbukumbu wala shughuli za maadhimisho. Walichotaka zaidi ni vitu vya kuishi navyo. Msomaji wa haraka atadhani kwamba watu wa Bogoro hawakuijali historia. Sisi tunasoma vingine. Waliikataa historia iliyogeuzwa kuwa kitu cha kutazamwa, wakachagua paa. Kwao kumbukumbu ya nyumba iliyochomwa ni nyumba nyingine yenye watu ndani.

5.0 Hitimisho

Tumeona matini tatu na namna tatu za kuthamini. Tangazo linahifadhi ukuta na kumwacha mkazi. Utenzi unamrudisha mkazi kwa njia ya utupu wake, lakini unamrudisha yule mwenye fahari. Amri ya mahakama inamwandika mkazi wa kawaida, lakini kwa lugha ya hesabu isiyojua jinsi moshi wa jiko ulivyotoka asubuhi kwenye paa lake la nyasi.

Kazi inayobaki ni ya waandishi wetu. Kiswahili cha pwani kina msamiati tajiri wa nyumba ya mawe, na wanafunzi wetu wanaukariri. Msamiati wa nyumba ya udongo, ya manjanja na ya nyasi unazungumzwa kila siku kutoka Bunia hadi Bukavu, lakini haujapata Sayyid Abdallah wake. Hadi atakapopatikana, tuwafundishe wanafunzi kulisoma tangazo la nyumba ya kale kama wanavyosoma shairi, na wafikapo kwenye neno "kale" waulize: kale ya nani?